Chupa ya Akiba

Jovina Umulisa aliingia chuo kikuu na sifa ambayo hakuitangaza, ila alikuwa nayo kila alipokwenda: yeye ndiye msichana aliyeshinda ufadhili. Kulikuwa na mfuko mmoja wa kusomesha wasichana sayansi, na kila mwaka mfuko huo ulichukua mmoja tu kutoka kila shule uliyoichagua. Shule yao ya Kanombe, Kigali, ile ambayo ndege zinazotua hupita juu ya paa zake, ilimtoa yeye. Baba yake, Telesphory, dereva wa familia moja ya Nyarutarama, aliwaeleza walinzi wote wa mtaa ule kwamba binti yake anakwenda kusomea kemia. Walinzi wakaanza kumwita Baba Daktari, naye hakuwasahihisha.

Siku ya kwanza Jovina alikaa safu ya mbele, kama alivyozoea. Ukumbi ulikuwa na wanafunzi zaidi ya mia tatu. Mhadhiri aliingia, akawasha mashine, akaanza kusema Kiingereza cha haraka huku akibadilisha kurasa ukutani kabla kalamu ya Jovina haijafika katikati ya mstari. Alinyoosha mkono. Mhadhiri hakuuona, au aliuona akaupita. Baada ya robo saa mkono ulichoka akaushusha, na wavulana wawili waliokuwa nyuma yake wakacheka kidogo, si kwa ubaya, kama watu wanaomcheka mgeni anayebisha hodi kwenye mlango ulio wazi.

Wiki ya pili akahamia safu ya sita. Wiki ya tatu akawa anakaa popote palipo na nafasi. Hesabu ilimtangulia, fizikia ikamtangulia zaidi. Bwenini aligundua kwamba wenzake walikuwa na vikundi vya kusoma ambavyo viliundwa kwenye simu hata kabla ya masomo kuanza, na kwamba mitihani ya miaka iliyopita ilikuwa ikizunguka humo. Hakuna aliyemnyima, ni vile tu hakujua kwamba kuna kitu cha kuomba. Jaribio la kwanza la hesabu alipata kumi na moja kwa thelathini. Aliikunja karatasi mara nne akaitia ndani ya kiatu cha raba kilichokuwa chini ya kitanda, akakaa juu ya kitanda akikitazama kiatu.

Kila Jumamosi asubuhi alimpigia simu Mwalimu Gerald.

Huyu alikuwa mwalimu wake wa kemia wa sekondari, mtu wa Bukoba, aliyekuwa Kigali mwaka wa tisa. Jovina alizaliwa Karagwe, upande wa pili wa mpaka, kwa wazazi Wanyarwanda, na aliletwa Kigali akiwa na miaka kumi na miwili. Kinyarwanda chake kilikuwa cha kukokota. Darasani wenzake walimwiga anavyovuta maneno, naye akaacha kusema kabisa. Mwalimu Gerald ndiye aliyemgundua. Siku moja, baada ya kipindi, alimwuliza kwa Kiswahili, "Binti, kwenu ni wapi?" Jovina akajibu, na walipomaliza kuzungumzia barabara ya kwenda Kayanga na ndizi za kule, alikuwa tayari amekwisha eleweshwa somo lote la siku hiyo. Tangu hapo, miaka mitatu, Mwalimu alimfundisha mara mbili: mara moja kwa Kiingereza pamoja na wenzake, mara ya pili kwa Kiswahili peke yake, kando ya dirisha. Ndege ilipopita juu alinyamaza, chaki ikiwa hewani, na ilipokwisha akaendelea na neno lilelile alilolikatiza. Alimwita binti yangu. Alimwambia, mara nyingi na mbele ya watu, kwamba hajawahi kufundisha mtoto mwenye kichwa kama chake.

Kwenye simu aliyarudia hayo. Alimwambia kila mtu mwanzoni anayumba, kwamba hao wanaomcheka leo watamwomba daftari mwezi wa pili. Jovina alikata simu akiwa amesimama wima, na maneno yale yakamvusha wiki nzima.

Mtu mwingine ambaye angeweza kumpigia alikuwa Yvonne, lakini Yvonne hakupokea simu zake. Walikaa dawati moja miaka mitatu. Yvonne alikuwa na mikono mizuri ya maabara. Alishika vyombo vya kioo taratibu, kama anashika yai, wala hakuvunja kitu. Baada ya jaribio la ufadhili, matokeo yalipobandikwa na jina la Jovina kuwa juu, Yvonne alimpa mkono, akachukua mkoba wake, na tangu siku hiyo hakusema naye tena. Jovina alilia juu ya jambo hilo kuliko alivyofurahia ushindi wenyewe. Alimwambia mama yake kwamba sasa amejua urafiki una mwisho, kwamba Yvonne alimpenda wakiwa sawa tu. Wivu, alisema mama yake, uache upite. Haukupita. Jovina alisikia kwamba Yvonne hakupata nafasi nyingine ya chuo iliyokuwa na ufadhili, kwamba sasa anauza vifaa vya simu kwenye duka moja mtaa wa Muhima, akamwonea huruma, na katika huruma ile palikuwa na chembe ndogo ya kuona kwamba yeye mwenyewe ametendewa haki.

Wiki ya tano walianza maabara.

Hapa Jovina aliingia na moyo mkubwa. Hesabu ilikuwa imemtupa, lakini maabara ndiko alikoshindia ufadhili. Kila mwanafunzi alipewa neli ndogo ya kioo yenye maji yasiyo na rangi na namba ya peke yake, aseme ndani ya yale maji mmeyeyushwa chumvi gani. Ni kazi ileile ya jaribio la Kanombe. Kule aliimaliza kwa dakika ishirini na tano katika saa nzima iliyotolewa, na msimamizi aliitazama karatasi yake mara mbili.

Alitia matone ya soda kali. Maji yakageuka meupe, mazito kama uji wa mtoto. Akaongeza soda, weupe ukayeyuka, maji yakarudi kuwa safi. Akainama, akaandika kwa mwandiko wake mzuri: zinki.

Mtunza maabara alikuwa akipita. Aliitwa Viateur, mtu wa makamo aliyevaa koti jeupe lililofuliwa mpaka likawa karibu rangi ya majivu. Kiswahili alikijua tangu ujana wake Bukavu, na alikuwa amekwisha gundua kwamba msichana huyu anafurahi akisemeshwa kwa lugha hiyo. Alisimama nyuma yake.

"Amonia umetia saa ngapi?"

Jovina akasema bado hajatia.

"Na jibu umeshaandika."

"Ni zinki, Mzee. Nyeupe, na inayeyuka ukiongeza."

Viateur alivuta chupa ya amonia akaisukuma mbele yake. Jovina akatia, akatikisa. Weupe ulitokea. Akaongeza, akaongeza tena, na weupe ukabaki vilevile, haukuyeyuka. Kama ingekuwa zinki ungeyeyuka. Ilikuwa alumini, na hata risasi ingeweza kuwa. Kulikuwa na chumvi tatu zinazofanana mpaka hatua ile, na njia ya kuzitenganisha ilikuwa imeandikwa kwenye kitabu chake cha sekondari, kwa mkono wake mwenyewe. Aliijua. Hakuifuata. Vidole vyake vilikuwa vimekwenda moja kwa moja mpaka zinki, kama miguu inavyompeleka mtu nyumbani bila yeye kufikiri.

Alipata tatu kwa kumi. Wiki iliyofuata, nne. Alianza kubaki baada ya kipindi, akimsaidia Viateur kuosha vyombo, ili apate kurudia majaribio kwa mabaki. Viateur hakuwa msemaji, ila akizoea mtu husimulia kazi yake. Alasiri moja, wakisuuza neli, alimwuliza ametoka shule gani. Jovina akamtajia, akamwambia na habari ya ufadhili, akitumaini kidogo kwamba Viateur atamwona kwa jicho jingine.

Viateur alizima bomba. "Ile ya Mfuko? Mbona maji ya ule mtihani nilitengeneza mimi. Hapa hapa, juu ya hii meza."

Akamweleza. Mfuko ulimpa kazi hiyo kila mwaka. Kila shule ilipelekewa kasha lenye chupa mbili za maji yaleyale: moja ya mtihani, nyingine ya akiba, ikiwa ya kwanza itavunjika njiani. Zote zilifungwa kwa utepe mwekundu na zilikaa kwa mwalimu wa kemia karibu wiki mbili. Baada ya mtihani makasha yalirudi kwake. Mwaka ule shule zote zilirudisha akiba ikiwa na utepe wake, isipokuwa moja.

"Kanombe walirudisha tupu. Mwalimu aliandika kakaratasi kwamba ilimwagika. Lakini chupa ilikuwa imeoshwa vizuri, na lebo imebanduliwa. Chupa iliyomwagika haibanduki lebo." Aliinua mabega. "Niliandika kwenye ripoti yangu. Sijui kama kuna mtu alisoma."

Jovina aliuliza chupa ilikuwa ya rangi gani, ingawa tayari alijua. Ya kahawia, alisema Viateur, shingo fupi.

Aliendelea kuosha neli zilizobaki. Aliziosha zote, akazipanga kwenye kishikio chao cha mbao, akafuta mikono, akaaga kwa adabu. Nje alitembea mpaka kwenye kibaraza cha jengo la biolojia akaketi juu ya ngazi, na hapo ndipo kila kitu kilipomfikia.

Wiki moja kabla ya jaribio Mwalimu Gerald alimwita maabara alasiri tatu mfululizo. Peke yake. Alisema anataka kumnoa. Mezani kulikuwa na chupa ya kahawia ya shingo fupi, ubavuni ina gundi iliyonasa vumbi, mahali lebo ilipokuwa. Siku ya kwanza alimwonyesha. Siku ya pili walifanya pamoja. Siku ya tatu alifanya peke yake huku Mwalimu ameshika saa, mara nne, mpaka vidole vikajua vyenyewe. Siku ya mtihani maji yalipogeuka meupe alihisi wepesi mwilini, akauita wepesi ule akili.

Jumamosi hakupiga simu. Alipanda basi la Kanombe, akashuka kabla ya geti la hospitali, akateremka kwa miguu mpaka shuleni. Mwalimu Gerald sasa alikuwa mkuu wa taaluma. Ofisi yake ilikuwa na zulia dogo na kalenda ya benki. Alisimama kumpokea, akamshika mikono yote miwili, akauliza habari za Baba Daktari, akaagiza soda.

Jovina alimwamkia shikamoo. Kisha, kabla hajakaa, akamwuliza kuhusu chupa ya akiba.

Alikuwa amejiandaa kwa mengi wakati yuko njiani. Alidhani atakana, au atakasirika, au, na hili ndilo alilokuwa akiliomba kimyakimya, kwamba kutakuwa na maelezo ambayo yeye hakuyafikiria. Mwalimu hakukana. Alikaa, akalisogeza faili moja kutoka upande huu wa meza hadi upande ule.

"Nani amekuambia?"

"Mwalimu, ni kweli?"

"Ni kweli nilikusaidia. Mkuu wa shule alitaka mshindi. Asingepatikana mtu, Mfuko ungekwenda shule nyingine mwaka huu. Unajua maabara yetu, unajua tuna vyombo vingapi. Wengine nao wanafanya hivyohivyo, kwa njia zao."

Jovina alimwambia kwamba shule nyingine zote zilirudisha akiba ikiwa na utepe. Mwalimu alitabasamu kidogo, kama alivyotabasamu zamani Jovina alipokosea swali jepesi. Akamwambia asitafute ubaya mahali alipofanyiwa wema. Yuko chuo. Baba yake anatembea kifua mbele. Nani aliyeumia?

"Yvonne," alisema Jovina.

"Yvonne ana mikono tu. Wewe una kichwa. Mikono inafundishika, chuo kinahitaji kichwa."

"Basi kama nina kichwa, kwa nini hukuniacha nifanye mwenyewe?"

Ndege ilipita juu. Mwalimu Gerald alinyamaza kama kawaida yake, akingoja kelele ziishe. Jovina aliutazama uso ule alioutazama miaka mitatu, akaona kwamba anatumia ukimya ule kuchagua maneno, na kwamba ameamua kusema kweli.

"Kwa sababu ungeshindwa, binti yangu. Nilikufahamu. Ukiwa peke yako mbele ya kitu usichokijua unaingiwa na hofu, unaandika lolote. Sikutaka uaibike."

Hayo ndiyo yaliyomkata. Habari ya chupa angeweza, siku moja, kuimeza. Watu huiba mitihani, walimu hutaka sifa. Lakini mtu huyu alikuwa amemwambia kwa miaka mitatu, mbele ya darasa, kwamba hajaona kichwa kama chake, na muda wote huo, ndani yake, alimjua kuwa ni wa kushindwa. Zile Jumamosi zote, yale maneno aliyoyala wiki baada ya wiki chuoni kama chakula, aliyeyasema hakuyaamini. Soda ilikuja ikiwa imefunguliwa. Jovina aliiacha mezani. Alisema asante, kwa mazoea, na alipofika nje akajilaumu kwa asante ile kuliko kwa kitu kingine chochote alichosema siku hiyo.

Hakumwambia baba yake. Alimwambia mama, jikoni, mama akisonga ugali wa muhogo. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza kama kuna mtu mwingine anayejua, zaidi ya hao. Alipoambiwa hakuna, akasema basi imekwisha, iachwe hapo, asije akawaletea watu msiba kwa jambo ambalo Mungu mwenyewe amelifumba. Jovina alikaa na maneno hayo. Katika nyumba ile, aliona, hakuna ambaye angekaa upande wake isipokuwa akubali kunyamaza.

Jumatatu hakuwa na kipindi asubuhi. Alikwenda Muhima.

Duka lilikuwa katika uchochoro wa maduka ya simu, kibanda cha kioo chenye nyaya za chaji zilizotundikwa kama nywele za kusukia. Yvonne alikuwa ndani, amevaa fulana ya kampuni ya simu, anambandikia mteja kioo cha kinga. Alikibandika bila kuacha hata tone la hewa chini yake. Alimwona Jovina, akamaliza kazi, akampa mteja simu yake, ndipo akageuka.

Jovina aliongea kwa mkupuo. Alimweleza chupa, alasiri tatu, Viateur, Kanombe. Yvonne alimsikiliza huku akikunja nyaya, moja baada ya nyingine. Alipojibu alitumia Kiswahili chao cha Kigali, kile walichokitengeneza wawili kwenye dawati lao.

"Jovi, mimi nilijua siku ileile."

Jovina hakuelewa.

"Nilikuwa meza ya nyuma yako. Mimi niko natia tone, naangalia, nafikiri, naandika. Wewe uliandika kwanza ndiyo ukatia. Kalamu iko mbele ya mkono. Nikasema, huyu anajua iko nini ndani." Akauweka waya chini. "Nilingoja uniambie. Siku ya kwanza, ya pili. Wiki nzima. Nikasema, atakuja tu, iko rafiki yangu, atakuja kusema Mwalimu alinionyesha. Hukuja. Ulikuja na soda na keki ya kunishukuru nimekusaidia kusoma."

"Sikujua, Yvonne. Naapa."

"Kweli hukujua kabisa?"

Mteja aliingia akauliza bei ya spika, akajibiwa, akatoka. Jovina alikuwa na muda wa kulifikiri swali. Alikumbuka ule wepesi mwilini. Alikumbuka kwamba jioni ile, akirudi nyumbani, palikuwa na kitu kilichogusa mawazo yake, kwamba maji ya leo yamefanana mno na maji ya Alhamisi mezani kwa Mwalimu, na kwamba alikipisha haraka.

"Sikujua," alisema. "Lakini sikuuliza pia."

Yvonne alitikisa kichwa taratibu. Hakuonekana kufarijika. Alisema miezi yote hii alimchukia kama msaliti, na sasa hajui amchukie kama nani, na kwamba kuja kwake leo kumemchosha zaidi. Akamwuliza anataka nini. Msamaha? Jovina akasema anataka kuuandikia Mfuko barua.

"Usiandike kwa ajili yangu," alisema Yvonne. "Ukiandika, andika kwa sababu yako. Mimi niko kazini."

Aliandika. Ilimchukua siku nne na rasimu nyingi, kwa sababu kila rasimu ilijaribu kumtetea, ikambidi aitupe. Ya mwisho ilikuwa nusu ukurasa: alichofanyishwa, lini, na kwamba mshindi wa kweli wa shule ile hajulikani kwa kuwa jaribio halikuwa sawa. Akaisaini jina lake lote. Wiki mbili baadaye aliitwa kwenye ofisi ya Mfuko, akapokewa na mwanamke mpole aitwaye Peace, aliyekulia Kampala, aliyemmiminia chai mwenyewe. Peace alimwambia kwamba wamesoma barua na ripoti ya Viateur pamoja. Jovina ataendelea na ufadhili kwa sharti afaulu muhula huu, kwa kuwa hakujua. Yvonne ataitwa kufanya jaribio jipya, hapo hapo mjini, mbele ya msimamizi wao. Na shule ya Kanombe imeondolewa kwenye orodha kwa miaka mitatu.

Jovina aliuliza wasichana wa pale sasa watafanya nini, wale wa kidato cha tano ambao hawajamkosea mtu. Peace alisema inasikitisha, akaitazama chai yake.

Habari zilifika Kanombe kabla ya Jovina kufika nyumbani. Wasichana wa kidato cha tano walijua ni nani aliyeandika. Mmoja wao, jirani yao, aliyekuwa akimwita dada na kuazima madaftari yake ya zamani, alimrudishia yote kwenye mfuko wa karatasi, akaweka mlangoni bila kubisha. Mwalimu Gerald alibaki mkuu wa taaluma, aliandikiwa onyo. Na Telesphory, aliyeyapata yote kwa mzazi mwenzake mbele ya geti la Nyarutarama, walinzi wakisikiliza, hakumpigia kelele binti yake. Alimwuliza jambo moja tu: kwa nini amelisikia kwa watu. Mwezi mzima alimsemesha kwa mambo ya lazima tu, chakula, nauli, ufunguo. Jovina, aliyejiona amesalitiwa na kila mtu, ilimbidi atie na hilo moyoni, kwamba baba yake naye amejiona hivyo, na aliyemfanyia ni yeye.

Muhula ulikuwa bado una wiki saba. Aliomba mitihani ya zamani kwenye kikundi cha bwenini, akapewa siku hiyohiyo. Aliacha kukaa safu ya mbele au ya nyuma, akakaa karibu na msichana mmoja wa Huye aliyeandika haraka. Alasiri alikwenda kwa Viateur, ambaye alimpangia neli sita zisizo na majina, akaondoka zake. Mwanzoni ilikuwa kama Mwalimu Gerald alivyosema. Mbele ya kitu asichokijua hofu ilimwingia na mkono ukataka kuandika lolote ili jambo liishe. Hilo lilimuuma sana, kwamba mtu aliyemdanganya katika mengi alimjua vizuri katika hili. Alikuwa akiweka kalamu upande wa pili wa meza, mbali, ili kuifuata imlazimu ainuke. Aliinuka mara nyingi bure akarudi kuketi bila kalamu. Siku nyingine alikosea neli zote sita.

Mtihani wa maabara wa mwisho wa muhula alipewa neli namba mia moja na nne. Maji ya bluu hafifu. Ilimchukua saa nzima na dakika zote za nyongeza, na mara mbili alimwaga na kuanza upya. Alipotoka alikuwa hajui kama amepata. Alipata hamsini na nane kwa mia. Hesabu alirudia mtihani mwezi uliofuata, akapita kwa alama mbili, na ufadhili ukabaki.

Yvonne alifanya jaribio lake mwezi wa tatu akafaulu, akaanza chuo na kundi lililofuata. Anasomea fizikia. Wakikutana kwenye ngazi za maktaba husalimiana, huulizana hali ya nyumbani, na kila mmoja huenda njia yake. Mara moja Jovina alimwambia twende tunywe chai, Yvonne akasema siku nyingine, kwa sauti isiyo na hasira wala ahadi.

Mwalimu Gerald alipiga simu matokeo yalipotoka. Alikuwa ameyapata kwa mtu. Jovina aliona jina lake kwenye kioo, jina alilolihifadhi akiwa na miaka kumi na sita na alama ya nyota pembeni, akaiacha simu iite mpaka ikakatika. Kisha ukaja ujumbe: alisema amefurahi, alisema daima alijua kwamba ataweza. Jovina aliusoma akiwa amesimama kwenye foleni ya chakula, sahani mkononi. Akaufuta, foleni ikasogea, naye akasogea nayo.